Nyungunyungu wa Leodgar

Debe la saba lilipomwagwa, nyungunyungu walianza kutoka ardhini, wakijinyonganyonga juu ya matuta. Leodgar hakutaka hata kuwatazama. Alirudi kwenye pipa, akachota tena yale maji ya mabua ya tumbaku, makali, ya kuwasha macho.

"Baba Telesphor, hawa ndio wanaotulimia," alisema mkewe, Emerensiana, akiwazoa kwa ungo. "Miaka ishirini wanaupandisha na kuushusha udongo huu. Unawaua bure!"

"Bure? Unataka tuhamishwe?"

Mama wa watu akaendelea kuzoa. Mwaka huo, sabini na nne, Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vipya, ilikuwa imeshafika upande wa pili wa Inyonga. Waliotoka huko walisimulia: bwana shamba anakuja na koleo, anachimba, anahesabu nyungunyungu. Akiwakuta wengi, anapaandika. Na kuandikwa, kila mtu alijua, ni kunyang'anywa.

Shamba hilo alilifyeka marehemu baba yake Leodgar. Kaburi lake liko hapo hapo, karibu na mihogo, na pembeni yake la Cecilia, binti yao. Leodgar aliapa hatoki, hata iweje.

Akamwaga wiki nzima. Mikono ikamchubuka, akatapika, akamwaga tena. Kisha mvua ikanyesha siku tatu, ikaondoa harufu.

Bwana shamba, Antoni, alifika Alhamisi na watu wawili waliobeba kamba na vigingi. Akachimba shimo la kwanza. La pili. La tano. Akapondaponda bonge la udongo kiganjani.

"Hata mmoja, mzee?"

"Ardhi imechoka, bwana. Hata mihogo inagoma."

"Pole sana."

Leodgar alijifanya anapangusa jasho, kumbe anaficha kicheko. Alimtupia jicho mkewe: umeona?

Antoni alifunga daftari bila kuandika kitu. Uso wake ulikuwa wa huzuni kweli.

"Nilitamani niwakute, mzee wangu. Wangekuwepo, ningepaandika pasiguswe, ubaki unalima. Udongo mzuri tumekatazwa kuujengea."

Akawageukia wale wawili.

"Fungueni kamba. Nyumba mia mbili zinakaa hapa. Barabara ianzie pale, kwenye yale makaburi."