Milioni Moja na Moja

Ukuta wa zizi la ng'ombe pale chuo cha kilimo cha Mabanga ulikuwa umejaa hesabu za chaki, na Sifuna, mwalimu wa ufugaji, alikuwa bado anagawanya.

Namba yenyewe ilikuwa milioni moja na moja. Alipewa na Mzee Gathii wa Kitale, mwaka wa 2004, siku aliyokwenda kumposa binti yake, Wangu.

"Nitafutie namba mbili ambazo ukizizidisha unapata hii," mzee alimwambia, huku Wangu akimimina chai. "Moja hatuhesabu. Na usiguse kalkuleta. Ukipata, leta wazee wenu. Usipopata, kaa kwenu Bungoma."

Sifuna hakuwa mtu wa hesabu. Tena alikuwa amesikia habari za Ndirangu, mwenye malori pale Kitale, aliyemtaka Wangu kabla yake. Yeye alipewa milioni moja na tatu. Alihangaika nayo tangu watu wapande mahindi hadi wakavuna, mwishowe akaoa kwingine.

Wangu alifundisha hesabu shule ya sekondari, lakini alikataa kumsaidia.

"Jibu utalitafuta mwenyewe," alimwambia kwenye simu.

"Basi nipe moyo tu."

"Usichoke kabla ya kupita mia."

Mbili ilikataa, maana namba haikuwa shufwa. Tatu ilikataa pia. Tarakimu zote zikijumlishwa zinaleta mbili tu. Tano ilikataa. Saba iliacha baki, kumi na moja ikaacha baki, kumi na tatu vilevile. Siku zikapita hivyo, ng'ombe wakikamuliwa na ukuta ukifutwa na kujazwa tena.

Alipofika tisini na saba na kuona baki nyingine, alikalia ndoo, kichwa mikononi. Alijiona akisikia habari za arusi ya Wangu kutoka kwa watu. Kisha akainuka. Mia hata hakuijaribu. Akaandika mia moja na moja, akagawanya pole pole.

Hakukuwa na baki. Jibu lilikuwa elfu tisa, mia tisa na moja.

Ng'ombe waligeuka kumtazama, maana alikuwa anaimba.

Jumapili hiyo Mzee Gathii alizidisha mwenyewe, akarudia, akavua miwani. Alicheka hadi akakohoa.

"Waite wazee wenu, kijana."

Wangu alimsindikiza Sifuna, naye akatembea kifua mbele.

"Ndirangu naye angevumilia kidogo tu," Sifuna alisema. "Kwani yake ilikuwa inagawanyika na ngapi?"

"Haigawanyiki na kitu. Hiyo ni namba tasa."

Sifuna alisimama. "Ati mzee alimpatia hiyo makusudi?"

"Baba hajui namba tasa ni nini," Wangu alisema, akimfungulia lango. "Mgeni akikaribia kuja, huwa ananiuliza mimi ampatie namba gani."