Akijibu Mmoja, Tumejibu Wote

Mtafiti wa maji alitugawa mtaa mzima: majina ya wanaotumia bomba akayatia kopo hili, ya wa kisima kopo lile. Akalitikisa la kisima, akachomoa jina la jirani yangu.

Mtoto wangu alikuwa mgongoni, anaharisha tangu juzi.

"Kaka, niulize mimi!"

"Haiwezekani, mama. Kura imemwangukia yeye, atawasemea wote wa kisima."

Jirani akajifuta mikono, akamvutia mgeni kiti. Ndani, mwanawe naye analia tumbo.

"Habari za maji, mama?"

"Nzuri tu, baba."

"Hayana shida?"

Nilimkazia macho. Wenzangu mnaonisikia, kura ikiwaangukia nyinyi, msione haya kusema kweli mbele ya mgeni. Nilishika unyayo wa mtoto wangu. Ulikuwa wa baridi.

"Shida gani tena, baba? Tunashukuru."

Akaandika.