Namba Kumi na Nne

Haya, nawatega, na mji msinipe mpaka nimalize. Nyumba yangu mlango wazi mchana kutwa, wageni wanaingia na kutoka wakicheka, lakini mwenye nyumba hajaonwa hata siku moja. Ni nini hiyo? Fikirini taratibu, mimi naendelea.

Kwenye benchi la hospitali, nje ya mlango wa daktari, walikaa watu wawili wa tumbo moja. Dada ni msusi. Wateja wake wanamwita Redio, kwa sababu hazimi. Kila anayeketi kwenye kiti chake ataulizwa watoto hawajambo, safari ilikuwaje, na jua hili tutalipeleka wapi. Ni yale yale matatu, kwa tabasamu lile lile, na watu wanaondoka wamefurahi.

Kaka yake ni fundi wa kuchomelea mageti. Yeye alikaa kichwa chini, macho yake hayataki mwanga wala hayataki mtu. Ukimwita mara moja, haitiki. Alishika kadi ya foleni, namba kumi na nne, akawa anaizungusha tu kwenye vidole.

Mama mmoja mwenye kikapu, jirani yao pale kwenye benchi, aliwatazama kwa huruma.

"Na ninyi mmekuja kwa huyu daktari wa usonji?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilidhani ni ugonjwa wa watoto."

"Si ugonjwa, mama. Mtu anazaliwa nao na anakua nao. Akili yake inaipokea dunia kwa namna yake." Dada aliyasema mfululizo, kama shairi la shule. "Ila akishakuwa mkubwa, hakuna anayemuuliza."

Mama alimnyooshea kaka kidevu. "Ndiye huyu?" Wala hakungoja jibu. "Pole, mwanangu. Mzigo huo! Lakini ana bahati, kapata dada mchangamfu."

Dada alicheka. Alicheka vizuri, si mapema wala si kwa kuchelewa, kisha akajipangusa jasho shingoni.

Njia ya kufika kwenye benchi lile ilikuwa imewachosha. Mama yao mzazi alisema ni deko. Daktari wa kwanza alicheka mpaka akavua miwani: mtu mzima, ana kazi yake, anajitegemea, usonji wa wapi? Apumzike, yataisha. Baadaye wakasikia kuna bingwa anayepita hapo mara moja kwa mwaka, wakajiandikisha, wakangoja miezi kumi na moja. Dawa hawakuitaka. Walitaka kuambiwa jina la kitu hicho, ili mtu aache kujiona ameumbwa kwa makosa. Wakikosa leo, ni mwaka mwingine, na nguvu za mwaka mwingine hazikuwepo.

Mlango ukafunguka, muuguzi akatoka na kalamu sikioni.

"Kumi na nne! Mmeleta maelezo?"

Dada alitoa daftari mkobani. Muuguzi alisoma amesimama. Humo mlikuwa na maisha ya mtu mmoja, tangu utotoni. Vifungo vilivyopangwa kwa rangi, na kilio cha mchana mzima kikiguswa kimoja. Lebo za nguo kukatwa zote kwa mkasi. Chakula kile kile, sahani ile ile. Mngurumo wa mashine za kazini unaoingia mpaka kwenye meno. Kurudi nyumbani jioni na kulala chini sakafuni, bafuni, taa imezimwa, bila kutaka hata kuitwa jina.

Muuguzi alifunga daftari polepole. Akamwinamia kaka. "Pole sana, kaka yangu." Halafu akamgeukia dada, akashusha sauti. "Anaongea?"

"Nikiulizwa," alijibu kaka mwenyewe.

Mama wa kikapu akaguna. "Kumbe ana majibu!"

"Sasa sikilizeni," alisema muuguzi. "Daktari anaondoka saa nane, anamaliza na mtu mmoja tu. Mwenye shida anaingia peke yake, aliyemsindikiza anabaki hapa." Akamshika kaka kiwiko. "Twende. Usiogope, hachomi sindano."

Kaka hakuinuka. Alimtazama dada yake kwa macho yake mekundu, yaliyochomwa na mwanga wa kazi.

"Sema," alimwambia.

Dada alifungua kinywa. Tangu juzi alikuwa akisimama mbele ya kioo na kuyapanga maneno ya kumwambia muuguzi, na sasa mazungumzo yameingilia mlango mwingine kabisa. Maneno yakagoma. Akatabasamu.

"Msimlazimishe jamani," alisema mama wa kikapu, "hamuoni amegandamana na benchi?"

"Mimi sina muda wa kubembeleza." Muuguzi alipaza sauti kuelekea mwisho wa ukumbi. "Kumi na tano yupo?"

Mwanamume mmoja akainuka haraka, akaanza kukunja gazeti lake.

"Sema, dada," alisema kaka tena. "Mwaka mzima huo."

Bingwa mwenyewe, mwanamke mfupi, akachungulia mlangoni. Hakumtazama kaka peke yake. Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Kumi na nne," aliuliza, "ni nani anayeingia?"

Wa kumi na tano alikuwa keshafika, gazeti kwapani.

Dada alilitua lile tabasamu, kama mtu anayetua ndoo aliyoibeba kutoka mbali. Uso uliobaki, mama wa kikapu hakuujua.

"Ni mimi," alisema. "Huyu amenisindikiza."