Mkanda wa Nakijwa

Sheria ilimtaka kila mjamzito avae mkanda uliopima kondo la nyuma, linalomlisha mtoto tumboni, na kutangaza hali ya kondo hilo kila asubuhi. Nakijwa alikuwa na mimba ya miezi sita alipougua homa kwa siku mbili. Alipopata nafuu, mkanda ukasema, "Virusi vimeingia kwenye kondo. Seli hai ni sabini kwa mia."

Dawa haikuwepo. Kila asubuhi hesabu ilishuka, na mumewe, Mbonea, akawa anaufunika mkanda kwa mto.

"Acha nisikie, mume wangu," Nakijwa alimwambia. "Mtoto bado anacheza."

Asubuhi ya tisa mkanda ukasema, "Kondo limekufa. Unaweza kuvua mkanda."

Mbonea akanyoosha mkono aufungue. Nakijwa akamsukuma taratibu, akaketi kitandani, akaanza kumwimbia mtoto.