Mfuko wa Mtama

Tangu titi lake la kushoto likatwe kwa saratani, Salhina alikuwa akiijaza sidiria pamba, na hata dada yake hakujua. Leo alifika alikoelekezwa na nesi, kwenye chumba wanakokutana wanawake wenye ugonjwa kama wake. Kupitia mlango uliokuwa wazi alisikia vicheko ndani, akageuka aondoke.

“Mwanangu, hiyo ni pamba?”

Bi Mwajabu, mwanamke mzee aliyekuwa akipepeta mtama barazani, alimtazama kifuani bila haya.

Salhina akajivutia mtandio. “Inaonekana?”

“Imepanda mpaka karibu na bega. Pamba haina adabu! La kwangu ni la mtama.” Akajipiga kifuani, mtama ukalia chakachaka. “Ila kuku siwasogelei.”

Salhina alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Bi Mwajabu hakumwambia anyamaze. Alichota mtama kwenye ungo, akaumimina katika mfuko mdogo wa kitambaa, akampa aupime uzito.

Mfuko ulimjaa kiganjani, una joto la jua. Salhina akaufumbata, akageukia chumba. Ndani, mtu aliburuta kiti, na mlango ulikuwa bado wazi.