Jirani wa Tatu

Siku hizo gari-nyumba lilitii ushauri wowote uliotolewa na majirani watatu, kwa kuwa sheria ilisema mtu mmoja hukosea. Eliwaza alikuwa ameegesha kambini ili mumewe, ambaye hakuweza tena kuinuka, auone mlima wa kwao akiwa kitandani.

"Mama, geuza gari. Jua linamchoma mgonjwa," alisema jirani aliyewaletea bakuli la viazi. Mkewe akamuunga mkono.

Eliwaza akamkimbilia mzee Mkumbo, jirani wa upande wa pili, aliyekuwa akija na kikombe chake cha chai. "Mzee wangu, nakuomba, usiseme kitu."

"Ninyamaze, na mwenzio anaungua? Geuza, mwanangu."

Gari likageuka lenyewe. Dirishani kukabaki ukuta wa vyoo.

"Semeni lirudi," Eliwaza akawasihi, machozi yakimtoka.

"Umechoka, mama. Pumzika," akasema yule wa viazi kwa upole.

"Kweli, pumzika," wakasema wenzake wawili.

Mlango ukajifunga, mapazia yakashuka. Eliwaza akapiga magoti gizani, akaushika mkono wa mumewe, akatafuta neno la kumwambia Mungu.

"Mama Neema," mumewe akauliza, "mlima umekwenda wapi?"