Jina la Appaliarsuk

“Maiti yako usiniletee nyumbani kwangu!” Tukumeq alisimama mlangoni, mikono kiunoni. “Mjukuu wangu nitamwita jina nitakalo.”

“Si maiti, ni mume wangu,” Aviaq alijibu kutoka kwenye theluji. “Na nani alimtoa duniani unamjua.”

Majirani wakajitokeza mmoja mmoja. Nani angebaki ndani? Huku ncha ya kaskazini ya Grinlandi ugomvi mzuri ni sinema.

Kisa chenyewe tulikijua sote. Mume wa Aviaq aliitwa Appaliarsuk, jina la wale ndege wadogo wa baharini, mgongo mweusi na kifua cheupe, wanaofunika majabali yetu kila kiangazi. Tunawanasa kwa nyavu, tunawashindilia na manyoya yao ndani ya ngozi ya sili, tunaishona na kuifukia kwa mawe. Nyama inaivia humo humo, na baridi ikikolea, kukiwa na sherehe, mfuko unafunguliwa.

Mwaka mmoja ndege hao walikuwa haba. Tukumeq akajaza mfuko wake bata bahari, wale wakubwa wa kahawia wa visiwa vya nje, akisema ndege ni ndege. Bata bahari ana mwili mnene. Haivi, anageuka sumu. Walioonja waliugua wakapona. Mume wa Aviaq alikula akashiba.

Kwetu jina la marehemu halitamkwi mpaka apewe mtoto mchanga. Akishapewa, marehemu karudi: mjane anamwita mtoto “mume wangu”, anamshonea viatu, na hakuna wa kumcheka. Kwa hiyo tangu mazishi yale hata ndege wenyewe hatukuwataja. Tulisema “wale wadogo”, basi.

“Mumeo alijiua kwa ulafi!” Tukumeq alifoka.

Aviaq alisogea hatua moja. “Sawa. Alikuwa mlafi. Mpe mtoto jina lake tuyamalize. Sina mwana, Tukumeq, sina mtu. Nataka nipate wa kumwita tu.”

“Leo utamwita, kesho utamdai.”

“Nimdai vipi? Ana mama, ana baba, ana babu, ana na bibi mwenye domo kama tarumbeta. Nitapitia wapi?”

Watu waliangua kicheko. Mume wa Tukumeq naye alicheka, kisha akakumbuka yuko karibu na mkewe.

Ndipo binti yao Najaaraq akatoka, mtoto mgongoni ndani ya kofia ya koti. “Mama, mume ulimwondolea. Jina nalo umnyime?”

Tukumeq alitazama ncha za buti zake. “Haya,” akasema. “Apewe.”

Wiki ile kijiji hakikuwa na habari nyingine. Mwenye duka alituambia Aviaq amenunua makopo ya maziwa ya unga mpaka rafu imebaki tupu, yeye aliyezoea chai ya rangi. Tukasema furaha ina mambo yake. Na wengine wakakumbuka jinsi alivyojitenga kiangazi kile, tumbo la Najaaraq lilipoanza kuonekana: wenzake wako majabalini na nyavu, yeye kapiga kasia peke yake hadi visiwa vya nje. Alisema hataki kelele za watu. Mjane, nani angembishia?

Jumapili mtoto alibatizwa. Desturi ni kwamba aliyerudishiwa mtu wake huilisha kwanza nyumba iliyomrudisha, kabla kijiji hakijaonja. Kwa hiyo sisi wengine tulibaki nje tukinusa, na Tukumeq, mumewe, binti na mkwe wakapanda hadi mlangoni kwa Aviaq, wamevaa vya kanisani.

Aliwapokea kwa mikono miwili. Sahani zilikuwa tayari mezani, nyama imechambuliwa, imekatwa vipande vidogo vidogo.

“Mwenzangu, hata kunyonyoa umetunyonyolea?” Tukumeq alisema, machozi yakimlengalenga.

“Msije mkachafua nguo nzuri.”

“Umefungua mfuko mzima kwa ajili yetu?”

“Mzima. Mliyonipa ni makubwa kuliko haya.”

Tukumeq alimkumbatia. Hapo nje wanawake wawili watatu walipangusa macho. Kisha Aviaq akanyoosha mikono, Najaaraq akampa mtoto.

“Appaliarsuk,” Aviaq akamwita, na jina lile likapita juu ya vichwa vyetu kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Unyoya ulikuwa umenasa kwenye mkono wa nguo yake. Aliuchomoa: wa kahawia, mrefu kuliko bawa zima la wale wadogo. Akausukumia mfukoni.

“Ingieni mle,” akasema, akiwapisha. “Mle mshibe. Mume wangu nitabaki naye mimi. Hana meno bado.”